Mlingoti wa chuma uliopinda Katuba

Mvua ikishaondoka Lubumbashi, watu wa mpira wanafurahi. Uwanja umekauka, hakuna tena mechi ya kuahirishwa. Mpiga picha ndiye anayenuna. Vumbi letu jekundu halibishi hodi: linaingia kwenye pete ya zumu, linaingia chini ya vitufe, na ukithubutu kubadilisha lenzi katikati ya mechi linakwenda kulala kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha. Kwa hiyo lenzi moja, ndefu, ya milimita 70–200, inafungwa nyumbani na haifunguliwi mpaka urudi. Kamera unaivika sashe ya plastiki iliyotobolewa mbele, unaibana kwa mpira wa kufungia noti. Vumbi likitua kwenye kioo unalipuliza kwa pampu ndogo ya mpira. Usitumie mdomo, utatia mate. Wala usifute kwa shati, kwa maana punje za udongo huu zinakwaruza.

Halafu kuna jua. Juni na Julai linazama mnamo saa kumi na mbili jioni, na mechi ya mtaa inaanza refa akipenda. Unaingia na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, unamaliza na 3200, lakini kasi ya kupiga haishuki chini ya 1/1000 ya sekunde. Sababu ni Kidiaba, kipa wa zamani wa Mazembe, timu ya hapa mjini. Tangu mwaka 2010, Mazembe ilipoichapa Internacional ya Brazili 2–0 kule Abu Dhabi na yeye akaruka uwanjani kwa matako, hakuna kipa wa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, anayeshangilia kwa namna nyingine. Matako yakitoka na ukungu, mwenyewe halipi.

Baridi yenyewe si ya theluji. Betri ya akiba ukiiweka mfuko wa ndani, karibu na mwili, inatosha. Ila mji uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na jua likishuka utamwona mtu mzima amevaa koti mbili na kofia ya sufu, analalamika kwamba mwaka huu utaua watu. Ndiyo maana kwenye kila uwanja kuna mbabula, jiko la makaa.

Jioni ya fainali ya vijana nilipiga goti nyuma ya mstari wa goli, pembeni ya mlingoti, jua mgongoni. Wachezaji wa akiba walikuwa na bukta tu, meno yanagongana. Wakamwomba mama wa karanga awasogezee moto. Mama ana roho nzuri: akausogeza mpaka hatua moja mbele ya lenzi yangu, chini kidogo ya ninapotazama. Makala (makaa) yaliyokwisha kushika vizuri hayatoi moshi wala mwali, na mwenye jicho kwenye kamera haoni kilicho miguuni pake. Nilihisi magoti yamepata joto, nikamshukuru Mungu.

Penalti ikapigwa, bao, 1–0. Nikabonyeza mfululizo. Kwenye kioo kidogo cha nyuma kila kitu kilionekana kizuri, kwa sababu kioo cha sentimita nane kinasamehe dhambi nyingi. Nikampelekea kapiteni wa washindi picha tano kwa simu, kutoka palepale uwanjani, nikaenda kula bukari, ugali wetu.

Kwenye kompyuta usiku: kipa aliyefungwa ana masikio matatu. Mpira una umbo la kiazi. Na mlingoti wa goli, bomba la chuma lililochomelewa, una kiuno.

Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, na mwanga ukivuka kutoka moja kwenda nyingine unapinda. Ikipanda juu ya makala inatikisika, basi kila kilicho nyuma yake kinatikisika pia, kama mawe unayoyaona chini ya maji ya mto. Lenzi ndefu inakuza picha na inakuza hiyo mitikisiko, na moto ukiwa karibu na lenzi ni mbaya zaidi. Kasi ya 1/1000 haisaidii: inachofanya ni kugandisha kila kitu kikiwa kimekwisha kupinda.

Asubuhi picha zilikuwa kwenye simu za mtaa mzima. Walioshindwa wakaja na wazee wao kwa prezida wa kamati kushtaki uchawi. "Papa prezida, hii njo bulozi! Chuma kinapindaje?" Wakaonyesha na mbabula, ukingo wake umeonekana chini ya picha moja. Hiyo, wakasema, ndiyo dawa iliyokuwa ikichomwa. Mama wa karanga akaitwa. Alikuja amekasirika, na karanga zake mkononi kama ushahidi.

Nikaona dawa ya maneno ni vitendo. Nikamwomba prezida asimame hatua ishirini, nikampiga picha bila moto, halafu na mbabula mbele ya lenzi. Nikabonyeza kitufe cha kukuza. Katika ya pili sikio lake la kushoto limeshuka mpaka kwenye shingo. Prezida aliiangalia muda mrefu, akaniamuru niifute.

"Sasa umeona, papa," nikasema. "Ni moto tu unaopindisha."

"Ahaa!" mzee mmoja wa walioshindwa akaruka. "Kumbe ni kweli moto unapindisha! Basi na kipa wetu aliuona mpira umepinda. Penalti irudiwe!"

Hapo kikao kikawaka upya, na safari hii wote wananitaja mimi kama shahidi wao. Katibu, ambaye alikuwa kimya anaandika, ndiye aliyekimaliza. Akauliza mbabula ilikuwa wapi. Nyuma ya mstari wa goli, mama akajibu. Na kipa alikuwa anatazama wapi? Mbele. "Andika," katibu akajiambia kwa sauti, "kipa hana macho mgongoni." Bao likabaki.

Mama wa karanga akadai alipwe makala yaliyoungua kwenye jaribio langu, nikalipa. Kapiteni wa washindi amekataa picha zote, anasema hawezi kutundika ukutani bao la kiazi. Mteja niliyempata ni mmoja, yule kipa wa masikio matatu. Ameagiza ya mlingoti, kubwa, ya kuwekwa fremu, ili baba yake aone goli lilikuwa bovu. Ametoa nusu ya bei, na nusu nyingine anasema niidai kwa mama wa karanga.