Kwanza kabisa, sikumla mbichi

Najua mmeshaipata. Jirani yangu fundi makochi, ambaye tangu Jumatano hajagonga hata msumari mmoja kwa kuzunguka akisimulia, ameshaifikisha mpaka soko la Majengo hapa Dodoma. Jana bodaboda wa Sabasaba kanigeuzia shingo katikati ya safari: "Kaka, eti ni wewe yule wa Nkuhungu uliyemnyonga jogoo wa mama mkwe usiku wa manane ukamla mbichi?" Nikamwambia anishushe hapo hapo. Nimetembea na jua lote lile.

Kwa hiyo naandika mwenyewe. Sikumla mbichi. Sikumla kabisa! Nilichokula mimi kilikuwa kimekaangwa na kina kachumbari pembeni, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Tuanze na DVR, kile kiboksi kinachorekodi picha za kamera za ulinzi.

Mtaani kwetu wizi wa vitu vidogo umezidi. Leo ndoo, kesho taa ya nje, keshokutwa unaamka unakuta kamba ya kuanikia imebaki, nguo hakuna. Nikasema nafunga kamera nne, basi. Dukani (silitaji, maana bado nadaiwa waya pale) kijana akaniuliza, "Bosi, unataka DVR au NVR?" Nikamjibu, "Nipe ya bei nafuu," kana kwamba hiyo ni aina ya tatu. Akanielewesha kwa huruma. NVR ni ya kamera za mtandao, zile zinazopitisha picha kwenye waya kama wa intaneti. DVR ni ya kamera za analogi, waya wake mnene kama ule wa dishi. Hizo za analogi ndizo za watu wenye pochi kama yangu. Laki na ishirini, chaneli nne. Kwenye boksi imeandikwa 1080N.

"Hiyo N ni nini?"

"N ni Nzuri, bosi."

Ndugu zangu, N siyo Nzuri. Picha ya 1080 kamili ina pikseli 1920 kwa 1080. Ya N ina 960 kwa 1080. Yaani upana wamekata nusu, halafu wanaivuta ijae skrini kama mtu anayetandika shuka la kitanda kidogo kwenye kitanda cha sita kwa sita. Nimeyajua haya juzi. Siku ya kununua nilitoka pale natembea kwa mikogo, boksi liko begani watu walione.

Fundi kaja, kafungua, kachungulia ndani, kaniangalia. "Mzee, humu hamna diski."

Mimi nilidhani rekoda inarekodi. Kumbe ni kama jiko la gesi: jiko ni jiko, mtungi utajijua. DVR nyingi zinauzwa tupu, diski unatafuta mwenyewe. Akaniambia zipo diski zilizotengenezwa kwa kazi ya kamera, zinaweza kuandika usiku na mchana bila kuchoka, nikanunue hiyo. Nikauliza bei. Nikaenda kununua iliyochomolewa kwenye kompyuta ya zamani, gigabaiti 500. Fundi akapiga hesabu juu ya boksi: kamera moja ikirekodi megabiti 2 kwa sekunde inakula gigabaiti 21 na kitu kwa siku, kamera nne 86, kwa hiyo una siku tano na ushee halafu inaanza kufuta za nyuma. "Mwizi akija," akasema, "usikae wiki nzima ndo ukumbuke kuangalia."

Hela ikaishia hapo. Nyumbani nikatangaza hali ya hatari: vyuma vimekaza, malipo ya kibarua hayajatoka, tutakula ugali wa uwele na mlenda hadi Mungu atakapofungua mlango. Na Jumamosi hiyo hiyo, kana kwamba kaitwa na redio, mama mkwe akashuka kutoka Manyoni. Mkononi kashika jogoo. Jogoo wa kule mnawajua. Huyu alikuwa na kifua kama cha mbunge anayeomba mwongozo. Tukampa jina la Mheshimiwa, maana saa kumi alfajiri alikuwa anazungumza bila kupewa nafasi. Mama kasema huyo si wa kuchinja, ni wa mbegu.

Jumapili nikagundua saa ya DVR inasema ni mwaka 2000. Ndani kuna betri dogo la duara kama shilingi, linatunza saa umeme ukikatika. Langu lilikuwa limeshafariki siku nyingi. Fundi simu hapokei, nikasema hiki nacho ni cha kumsubiri fundi? Nikangoja taarifa ya habari ianze, ile ya saa mbili usiku, niweke saa sahihi na ya taifa. Muziki ulipolia tu, nikabonyeza tarehe ya siku hiyo, halafu saa: 02:00.

Msinicheke bado. Saa mbili ni mbili. Ningeandika ngapi?

Jumatatu haina habari. Jumanne jioni malipo ya kibarua yakatoka, nikarudi nyumbani. Hilo nitalirudia, au kwa usahihi zaidi, lilirudiwa bila ridhaa yangu.

Usiku wa kuamkia Jumatano mke wangu akasikia "kwaa!" moja huko nje, kisha kimya. Akaangalia simu: saa nane kasoro dakika mbili. Akaniamsha, nikasema ni upepo (kwa upepo wa Dodoma wa mwezi huu wa saba, nilikuwa na hoja). Asubuhi banda wazi, Mheshimiwa hayupo, limebaki nyoya moja.

Sasa niwaambie ukweli ambao fundi makochi haujui: nilifurahi. Mungu anisamehe. Mama mkwe anafuta machozi na pembe ya kanga, na mimi moyoni napigiwa vigelegele, kwa sababu hatimaye ile laki na ishirini, na diski, na waya, na siku tano za mlenda, vyote vinakwenda kujibu. Nikampigia mwenyekiti wa mtaa. Nikamwita fundi makochi. Nikawaita na jirani wa nyuma na wanawe, maana mmoja anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mambo ya kompyuta. Sebule ikajaa. Mama mkwe tukampa kiti cha mbele kabisa kama mgeni rasmi.

Nikasema, "Weka Jumanne, jana usiku. Saa nane. Andika 08:00."

Yule mtoto akacheka. "Anko, saa nane usiku ni 02:00. Hii ni ya saa ishirini na nne." Sebule nzima ikanicheka. Mwenyekiti akasema, "Waachie vijana." Nikaachia mausi.

Naomba mkumbuke hapa kwamba ningeachiwa ujinga wangu, tungemwona mwizi.

Picha ikaja, nyeusi na nyeupe, uani kwangu. Kimya. Kamera haina sauti, kwa hiyo tulisikia pumzi zetu tu. 02:03, mlango mdogo wa geti ukafunguka taratibu. Akaingia mtu.

"Huyo!" nikapiga kelele mimi. Mimi mwenyewe.

Jamaa amevaa koti, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Akafunga geti kwa vidole viwili, bila kulibamiza. Akanyata. Mama mkwe akasema, "Tazameni anavyokanyaga. Ana uzoefu huyu." Nikamuunga mkono: "Mama, hawa wamezaliwa nayo!" Mwenyekiti akatoa daftari.

Fundi makochi: "Koti kama lako."

Nikasema, "Kumbe kaniibia na koti!"

Jamani. Nililiona lile koti limening'inia mlangoni, nyuma ya kichwa cha mwenyekiti, wakati maneno bado yako mdomoni. Hapo ndipo tumbo likaanza kushuka. Nikakumbuka ilikuwa siku gani na nilifanya nini. Nikanyoosha mkono kuchukua mausi, mtoto wa UDOM akausogeza pembeni kwa heshima: "Subiri anko, ndo kwanza anafika bandani."

Mbwa akatokea. Hakubweka. Akatikisa mkia mpaka na kiuno kikatikisika. Mwenyekiti akaandika, huku akijisomea kwa sauti: "Mbwa... anamfahamu... mtuhumiwa."

Mtuhumiwa akaenda nyuma ya banda la kuku, mita mbili kutoka kwenye kamera, akachuchumaa. Nisingekaa pale ningetoka kama kivuli, N yenyewe hiyo. Lakini kwa mita mbili hata kamera ya mchina inaona mpaka kovu la tetekuwanga. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa mfuko wa karatasi. Akatoa paja la kuku.

Mama mkwe akashika kifua. "Ameshampika?"

Hakuna aliyemjibu. Jamaa akang'ata. Ule mwanga wa kamera za usiku hauonekani kwa macho, lakini ukimpiga mtu usoni macho yake yanawaka kama ya fisi, kwa hiyo alikuwa amechuchumaa gizani anatafuna na macho meupe pee. Akalamba kidole gumba. Akalamba cha shahada. Akavilamba vyote, kimoja kimoja, bila kukiruka hata kimoja, na sebule nzima ikavisindikiza. Mfupa akampa mbwa. Akasimama, akatafuta pa kujifutia mikono, akaona kanga imeanikwa kambani.

Kanga ya mama mkwe, ile iliyoandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Akajifuta mikono yote miwili, mbele na nyuma, kisha na mdomo.

Halafu, nyie, sijui shetani gani alinituma. Nilikuwa na tabia tangu zifungwe, nikipita lazima nizitazame zile kamera kwa fahari, mali yangu. Jamaa akainua uso, akaitazama kamera, akaipa dole gumba.

Mtoto wa UDOM akaigandisha hapo.

Inchi 32, uso wangu. Meno yote nje. Kipande cha kachumbari mdomoni.

Mwenyekiti alifunga daftari polepole kama anayefunga Biblia. Mke wangu hakunitazama. Fundi makochi alishaanza kutetemeka mabega. Na mama mkwe, kwa sauti ya upole ambayo nitaisikia hadi kaburini, akasema:

"Mkwe. Si ungesema tu kama una njaa?"

Nilifungua mdomo, na hapo nikaona mtego wangu wote. Nikinyamaza, nimeiba jogoo wa mbegu wa mama mkwe. Nikijitetea, lazima niseme ile nyama ilitoka wapi, wakati wao ndani wanavuta mlenda kwa siku ya tano. Nilikuwa bado napima ipi ina adhabu ndogo, mke wangu akasema, "Hebu subirini. Pale dirishani kunawaka-waka nini?"

Ni TV. Mwanga wa TV unachezacheza kwenye pazia. Saa nane usiku TV kwangu haiwaki. Mtoto wa UDOM akatoka kwenye rekodi akaangalia saa ya DVR yenyewe: Jumanne, 13:20. Na sisi tuko Jumatano, chai ya asubuhi haijaiva. Ilikuwa nyuma saa kumi na nane, kwa sababu ile saa mbili usiku ya Jumapili ilitakiwa niandike 20:00, mimi nikaandika 02:00. Ile 02:00 ya kwenye picha ilikuwa saa mbili usiku, mke wangu na mama wako ndani wanasikiliza taarifa ya habari.

"Ni chips kuku," nikasema. "Robo. Nimenunua kwa hela yangu."

Mke wangu akauliza, "Hela gani?"

Mengine nayapitisha haraka maana hayanifurahishi. Mwizi wa kweli tulimpata kwenye 08:00, pale pale nilipotaka mimi. Aliingilia upande wa mbali, mita kumi na tano, na kwa ile N aliyouziwa bosi, alionekana kama gunia linalotembea na gunia jingine dogo linalopiga mabawa. Mwenyekiti akasema kwa sura ile anaweza kuwa mtu yeyote, hata yeye. Kaandika hivyo hivyo: gunia. Fundi kabadilisha betri la saa. Malipo ya kibarua yote sasa yanapitia kwa mke wangu. Mlenda umeisha, na nimeambiwa ni mimi nitakayeamua lini tutaukumbuka tena, kwa kejeli ile mnayoijua.

Mama mkwe kaondoka leo asubuhi. Nimempeleka stendi, nikambebea begi, nikamnunulia maji na nusu kuku wa njiani, si robo. Kapanda basi, kakaa dirishani, akaniita nisogee. Akanipa kanga ile, imekunjwa vizuri. Kasema mafuta yamegoma kutoka, kafua mara tatu, basi nibaki nayo nyuma ya banda, siku nyingine nisihangaike kutafuta pa kujifutia.