Mijikenda: jina la juzi, undugu wa zamani

Kabla ya miaka ya 1940, Mgiriama au Mrabai wa pwani ya Kenya, ambaye leo huitwa Mmijikenda, aliyeingia Mombasa aliitwa Mnyika. Wamisionari Krapf na Rebmann, waliofungua kituo Rabai mwaka 1846, waliliokota jina hilo kwa watu wa mjini wakaandika "Wanika", na kamusi yao iliyochapishwa 1887 ikalibeba vilevile. Nyika ni pori kame la nyuma ya pwani, na aliyeitwa kwa pori alikuwa ameshawekwa nje ya ustaarabu. Kejeli hiyo haikuwa hata na ukweli wa kijiografia: kaya nyingi, yaani vijiji vyao vyenye ngome, zilikuwa juu ya vilima, katikati ya misitu, na Wadigo wengi walikaa hatua chache kutoka baharini.

Mijikenda, yaani miji tisa (Giriama, Digo, Duruma, Rabai, Ribe, Kambe, Jibana, Chonyi na Kauma), lilikuja kulifuta tusi hilo.

Wanaolitilia shaka jina la Mijikenda husema ni la siasa, lililoenezwa na chama cha Mijikenda Union miaka ya 1940 ili wenyeji wapate sauti moja mbele ya wakoloni. Hoja hiyo ina uzito, kwani kabla ya hapo mtu alijitambulisha kwa kaya na ukoo wake. Tena UNESCO, iliyoziingiza kaya katika urithi wa dunia mwaka 2008, inaeleza kwamba zilikuwa zimehamwa kufikia miaka hiyohiyo ya 1940. Jina la miji lilishika miji yenyewe ikiwa imebaki misitu.

Watetezi wa undugu huo hukimbilia Singwaya, chimbuko la kaskazini linalosimuliwa na wazee. Mimi singeegemea hapo. Wanahistoria wamelibishania mno. Lugha ndiyo shahidi mzuri. Mgiriama na Mchonyi huzungumza bila mkalimani, jambo ambalo hakuna chama kingeweza kulitunga.

Na ile hesabu ya tisa? Waswahili wa Mombasa nao walijihesabu Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, wakagawanyika Tisa na Thelatha (tatu). Kujiita kwa hesabu ni desturi ya pwani, wala si sensa.

Kwa hiyo naona undugu ni wa kale na jina ni la Kenya ya kikoloni. Ndiyo maana ukivuka mpaka hadi Tanga, Mdigo ni Mdigo tu.