Haelewi, au hasikii? Masikio ya mtu aliyepoteza lugha baada ya kiharusi

"Nasikia ila sielewi." Watu wawili tofauti kabisa wanaweza kukuambia hivyo. Wa kwanza ni mzee ambaye masikio yamechoka kwa umri, sauti nzito anazipata vizuri tu na ukigonga mlango anageuka, ila sauti nyembamba kama s, f, t na sh zimeshamtoka, kwa hiyo ukisema fika, shika au pika yeye kinachomfikia ni "-ika" tu, mbele hapo anabahatisha. Wa pili amepata kiharusi, mara nyingi upande wa kushoto wa ubongo, masikio yake hayana neno, "shika" imeingia nzima nzima lakini ikishafika ndani haikutani na maana yake. Huyo ndo mwenye afasia.

Sasa tabu inaanza pale wote wawili wanapokuwa mtu mmoja, na wala sio jambo la nadra. Kiharusi kinapiga zaidi watu wazima, karibu theluthi ya wanaokipata wanatoka na afasia, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema zaidi ya asilimia 25 ya waliovuka miaka 60 wana upotevu wa usikivu wa kiwango cha kuwasumbua maishani. Jumlisha mwenyewe.

Ndo maana kuna wanaosema kila mwenye afasia apimwe masikio kwanza, kabla hata hajaulizwa swali moja la kupima lugha. Na kuna wanaosema hapana jamani, mnapoteza muda, kwa sababu kipimo chenyewe cha usikivu kinataka lugha. Mimi niko na wa kwanza, nasema mapema msije mkaniona mnafiki, ila hawa wa pili hoja yao ni ngumu kuliko watu wanavyoichukulia.

Tuanze na wanaotaka kupima. Kipimo cha uelewa wa lugha kinatolewa kwa mdomo: funga macho, gusa sikio la kushoto, nionyeshe mlango alafu dirisha. Mgonjwa kapata 4 kati ya 10. Hiyo 4 ni ya nini? Kama hukuangalia masikio hujui, na ukijifanya unajua unaandika "uelewa wake ni duni" kwenye faili, mtaalamu wa tiba ya lugha anapanga mazoezi ya wiki na wiki juu ya maneno ambayo nusu yake hayamfikii mgonjwa. Na wakati mwingine tatizo ni nta tu! Nta iliyoganda, kitu cha kuchungulia kwa dakika moja na kale katochi ka masikio, ila hakuna aliyechungulia maana kila mtu alikuwa bize na ubongo.

Kosa la upande mwingine nalo lipo. Ndugu wanaamua mzee amekuwa kiziwi, wanaanza kumpigia kelele. Kelele yenyewe haimsaidii hata huyo mwenye masikio mabovu, kwa sababu mtu akipaza sauti zinazokua zaidi ni irabu, na konsonanti ndizo anazozikosa, kwa hiyo unamwongezea kile ambacho tayari anacho. Mwenye afasia ndo kabisa, anaona tu anafokewa.

Haya, njoo upande wa pili. Kipimo cha kawaida ni kile cha hedifoni na kitufe, na maelekezo yake yanakwenda hivi: "Ukisikia mlio, hata uwe mdogo kiasi gani, bonyeza kitufe, mlio ukiisha achia." Isome tena hiyo sentensi polepole. Ina sharti, ina "hata uwe", ina vitendo viwili vya kufuatana, alafu anapewa mtu ambaye ugonjwa wake ndo sentensi. Juu ya hapo kitufe kinawekwa mkono wa kulia ambao ndo umepooza, na wengine wakishabonyeza mara moja wanaendelea kubonyeza tu hata kukiwa kimya, sio ubishi, ubongo umenasa kwenye kitendo. Mwisho wa siku inatoka odiogramu, yaani ule mchoro wa majibu ya usikivu, nzuri ina mistari na alama zake, inasema hasikii kabisa, kumbe hakuelewa kazi. Na karatasi ikishaingia kwenye faili nani ataitoa? Hapo ndo nawaelewa wanaosema bora kutokuwa na namba kuliko kuwa na namba ya uongo.

Kipimo cha kurudia maneno ni kibaya zaidi, maana mwenye afasia anaweza kulisikia neno na kulielewa ila likagoma kutoka mdomoni. Dodoso nalo ni maneno mwanzo mwisho. Hata ile programu ya simu ya WHO, hearWHO ya mwaka 2019, inataka utambue tarakimu zinazosemwa katikati ya kelele, na tarakimu kwa wengi wenye afasia ni shughuli pevu.

Mtu atasema basi si kuna mashine zisizomuuliza mgonjwa kitu. Zipo. Kuna ya kusikiliza mwangwi unaotoka ndani ya sikio lenyewe, jambo ambalo mtafiti David Kemp alilionyesha mwaka 1978, na kuna ya kubandika vipokezi kichwani kusoma umeme wa neva sauti inapopita kwenye shina la ubongo. Nzuri, ila hiyo ya mwangwi mzee mwenye upotevu mdogo tu anaweza kuifeli, hata nta au maji nyuma ya ngoma ya sikio yanaifelisha, kwa hiyo akifaulu umejua kitu, akifeli hujajua ni kwa kiasi gani. Ya vipokezi inataka mgonjwa atulie, inataka mashine na mtu wa kuisoma, na vyote hivyo sio kila wodi inavyo.

Kwa hiyo mimi naona hawa wa pili wamepatia ugonjwa wakakosea dawa. Maelekezo ndo mabovu, basi yaondoe. Mvalishe hedifoni, piga mlio mkubwa ambao huna shaka anausikia, mshike mkono wa kushoto uunyanyue pamoja naye, rudia mara tatu nne bila kusema neno, alafu mwache afanye mwenyewe. Katikati weka vipindi vya kimya uone kama ananyanyua tu. Usimalize mitetemo yote, yaani ngazi zote za mlio kuanzia mzito hadi mwembamba, chukua ya 1,000, 2,000 na 4,000 kwa sekunde, hiyo ya 500 iache kama uko wodini maana kelele za huko zinaimeza. Na majibu yawe matatu: amesikia, hajasikia, hatujui. Hilo la tatu ndo litamwokoa na ile karatasi ya uongo.

Kuna wanaotumia mtindo wa watoto, ukisikia mlio unadondosha kibao cha kuchezea kwenye boksi. Unafanya kazi kweli, ila mtu mzima na akili zake, afasia haijamwondolea utu uzima, unampa vibao vya kuchezea? Sijawahi kulipenda. Mkono unatosha.

Dokezo jingine la bure: maandishi. Afasia mara nyingi inaharibu na kusoma, masikio mabovu hayaharibu. Mtu anayeshika neno lililoandikwa kuliko lililosemwa, mtilie shaka masikio kwanza, japo ipo hali adimu ambapo ubongo unashindwa maneno yaliyosemwa peke yake. Uhakikishe tu kama alikuwa anasoma kabla ya kuugua, na miwani yake iko wapi.

Alafu kuna swali la wabishi ambalo ni halali: ukishajua hasikii, kisha? Kifaa cha sikio ni kidogo, betri yake ndogo zaidi, mkono mmoja haufanyi kazi, na hawezi kukwambia kinapiga mluzi au kinamuumiza. Sawa. Ila kabla ya kufika huko kuna kikuza sauti cha kushika mkononi chenye hedifoni. Mvalishe, mpe maagizo mengine kumi yenye ugumu ule ule, uongee kwa sauti ya kawaida. Ikitoka 4 ikawa 7, zile tatu zilikuwa za masikio. Ikibaki 4, angalau sasa unaweza kuiandika kwenye mstari wa lugha.