Mahakama haikutuvizia

Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha wenye nyumba za wazee huku Kent, Renton na Federal Way, kusini mwa Seattle, mmoja wetu alituma ujumbe mrefu wa sauti akilalamika kwamba jimbo la Washington linatuvizia. Sheria za kazi zinageuka kila uchao, alisema, na mtu mwenye wazee sita na wafanyakazi wanne hana wakili wa kumsomea kila kinachotoka Olympia, makao makuu ya jimbo. Wengi wakamuunga mkono. Mimi nilipandwa na hasira, na haijanitoka. Ninazifanyia hesabu za mishahara nyumba kadhaa za namna hii, na najua kinachomuuma hasa ni ile hukumu ya 2025.

Kwa miaka mingi sheria ya kima cha chini cha mshahara ya jimbo hili ilimwacha nje mtu ambaye kazi yake inamlazimu kuishi au kulala pale pale anapofanyia kazi. Ndiyo maana dada aliyekuja kutoka Nyeri au Moshi alipewa chumba kando ya jiko, akaamka saa nane usiku kumgeuza mzee, saa kumi kubadilisha shuka, saa kumi na moja alfajiri kuteleka uji, kisha mwisho wa mwezi akapokea kiasi kimoja kisichojali amefanya saa ngapi. Nimeziona hesabu hizo. Ukigawanya fedha kwa saa, unaona aibu kumaliza kugawanya. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Washington ikaamua kwamba kuwaacha nje watunzaji wanaolala kwenye nyumba hizi ni kinyume cha katiba ya jimbo. Wanastahili kima cha chini na ovataimu, yaani malipo ya saa za ziada, kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Sasa, tuliviziwa wapi? Novemba 2020 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya wakamuaji wa ng'ombe wa maziwa wa Yakima Valley, ambao nao sheria iliwanyima ovataimu. Katiba ya Washington inalitaka bunge liwalinde watu wanaofanya kazi zinazohatarisha maisha au afya yao, na majaji wakaona wakamuaji wamo katika kundi hilo. Mwaka uliofuata bunge likawaingiza wafanyakazi wote wa mashamba, hatua kwa hatua: ovataimu baada ya saa 55 kwa wiki mwaka 2022, saa 48 mwaka 2023, na saa 40 kuanzia 2024. Hayo yote yalifanyika mchana kweupe. Mtu yeyote aliyewahi kumwinua mzee wa kilo tisini kutoka kitandani hadi bafuni anajua kwamba kazi yetu inavunja migongo sawa na ya zizini. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi tulikuwa na zaidi ya miaka minne ya kutia maji.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kufuata sheria ni kusubiri tangazo lenye jina la biashara yako. Kama unajua unamlipa mtu kidogo kwa sababu ya mwanya fulani, ni kazi yako kuuchunguza mwanya huo: nani mwingine anautumia, nani ameshtakiwa kwa ajili yake, majaji wamesema nini. Habari ya ng'ombe wa Yakima Valley ilikuwa habari yetu.

Mengine hayahitaji hata bidii hiyo. Kima cha chini cha jimbo hutangazwa ifikapo Septemba 30 na huanza Januari 1: dola 16.66 kwa saa mwaka 2025, dola 17.13 mwaka 2026. Una miezi mitatu ya kujipanga. Seattle ina kiwango chake, dola 21.30 mwaka 2026, na Tukwila na Renton nazo zina vyao, basi angalia anwani ya nyumba na ukubwa wa biashara yako. Likizo ya ugonjwa, saa moja kwa kila saa 40 za kazi, ipo tangu 2018. Jiandikishe upokee barua pepe za L&I, idara ya kazi ya jimbo, nazo hazilipiwi.

Kuna pia wanaosambaza kwamba Trump amefuta ovataimu ya watunzaji. Kilichotokea ni kwamba Julai 2025 Wizara ya Kazi ya Marekani ilipendekeza kuwaondolea watunzaji wa majumbani ulinzi wa sheria ya shirikisho. Hata pendekezo likipita, sheria ya jimbo inayompa mfanyakazi zaidi ndiyo itakayofuatwa. Kima cha chini cha shirikisho kimeganda kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009, na hakuna anayelipa hivyo Kent.

Nakubali jambo moja, japo linanikera kulikubali. Mwenye nyumba anayepokea wazee wa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, halipangi yeye peke yake lile analolipwa kwa siku, na viwango visipopanda, mshahara mpya unatoka mfukoni mwake. Ni kilio cha kweli. Kipelekwe kwenye meza ya mazungumzo ya viwango na kwa wabunge wetu. Asibebeshwe dada anayelala kando ya jiko.

Yeye ndiye ninayemwandikia pia. Sheria ikibadilika, waiteni wafanyakazi wenu muwasomee kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna atakayewakumbusha upesi kuliko wao. Wapeni daftari la usiku waandike kila saa waliyoamshwa.

Na nimesikia kwamba kuna wanaowapa watunzaji karatasi za kusaini kwamba wameridhika na malipo ya zamani. Acheni. Washington haitambui makubaliano ya kufanya kazi chini ya kima cha chini, hata kama mfanyakazi amesaini kwa hiari yake. Madai ya mshahara yanarudi nyuma miaka mitatu, na aliyezuia mshahara kwa makusudi anaweza kuamriwa kulipa mara mbili, yeye binafsi, si kampuni tu. Kama una mtu anayelala kwako, chukua karatasi za miaka hiyo mitatu, kaeni naye, mfanye hesabu pamoja.