Roboti kapunguza kuinama, uchovu je?

Mwaka 2011, kule Hannover, Wajerumani waliinadi Viwanda 4.0, habari ya mashine kuzungumza na mashine. Miaka kumi baadaye, Januari 2021, Tume ya Ulaya ikaja na Viwanda 5.0, safari hii binadamu akiwa ndiye kitovu. Wataalamu wa ergonomia, fani ya kuifanya kazi imfae anayeifanya, wana haki ya kucheka kidogo. Neno lenyewe lilibuniwa na msomi wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, mwaka 1857, na fani yao siku zote imehubiri kwamba kazi imfuate mtu, si mtu aifuate kazi. Kwa hoja hiyo, wako tayari kwa Viwanda 5.0 kuliko yeyote.

Hoja ina uzito, ila tazama zana zao. RULA, fomu ya ukaguzi ya mwaka 1993, hupima mkao wa shingo, mgongo na mikono, kisha hutoa alama 1 hadi 7. Mlinganyo wa kunyanyua mizigo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huweka kikomo cha kilo 23, tena katika hali bora kabisa.

Sasa chukua mfungaji nati anayefanya kazi ubavuni mwa roboti. Kifaa kinaletwa usawa wa kiwiko. Hainami, hanyanyui, alama yake 2, safi. Lakini mkono wa chuma ndio unaopanga mwendo. Akisita kujifuta jasho, skrini inabadilika rangi. Jioni mgongo hauumi, kichwa ndicho kizito, na kwenye fomu hakuna mahali pa kukiandika.

Fani ina vipimo vya mzigo wa akili pia, NASA-TLX kwa mfano, dodoso ambalo mfanyakazi mwenyewe hukadiria ugumu wa kazi, kwa hiyo kusema hawajui lolote ni kuwaonea. Linalonitia wasiwasi zaidi ni vihisi vya kuvaliwa. Mkanda unaotetema mtu anapoinama vibaya ni msaada. Takwimu zilezile zikifika kwa msimamizi, zinaonyesha nani amepumzika mara ngapi. Hapo mtaalamu aliyeuleta mkanda ni tabibu au ni mpelelezi? Mafunzo ya kupima pembe za viungo hayamwandai kulijibu swali hilo.

Wengine husema kozi za akili mnemba zitaziba pengo. Zitasaidia, ingawa naona tatizo limekaa kwingine: mtaalamu huitwa roboti ikishafungwa sakafuni kwa bolti, mkataba umesainiwa, kasi imepangwa. Kilichobaki kwake ni kupandisha meza sentimita tano.