Wiki moja na redio isiyo na kitufe

Redio ya bibi yangu haina kitufe cha kutafutia stesheni. Kiling'oka zamani sana, nadhani hata shule sijamaliza, kikabaki kile kijiti cha chuma kimechomoza kama jino, na mshale umesimama palepale TBC Taifa. Ukitaka kuuhamisha unahitaji koleo, na kabla ya koleo unahitaji ruhusa ya bibi, ambayo hutaipata.

Mwezi uliopita nilikaa kwake Muheza siku saba. Mguu ulikuwa unamsumbua, mama akaniambia nenda wewe maana wewe ndio huna bosi (nauza vioo vya simu Kariakoo, bosi ninaye, anaitwa kodi ya fremu). Sasa kule kwa bibi mtandao unakamata ukisimama chini ya mwembe tu, tena asubuhi, kwa hiyo wiki nzima nilisikiliza kile redio ilichoamua nisikilize, kuanzia alfajiri mpaka bibi anapoizima kwa kuchomoa betri moja, kwa sababu anasema swichi inakula betri hata ikiwa imezimwa. Sikumbishia.

Siku ya kwanza niliteseka, nisidanganye. Nimezoea mwenyewe kuchagua, nikichoka nusu dakika nabadili. Hapa hamna. Inakuja habari, inakuja taarab, inakuja mtu wa kilimo, halafu daktari anaelezea chanjo za watoto na mimi sina mtoto, halafu dansi la zamani, halafu mawaidha. Nikamwambia bibi hii redio haina mpangilio. Akanijibu bila kunitazama, anachambua kisamvu: "Mume wangu, hiyo redio si yako peke yako."

Hilo jibu nimelifikiria sana na ndilo limenifanya niandike hapa.

Maana redio ninazosikiliza Dar zote zinanijua. Zinajua nina umri gani, napenda mziki gani, nacheka na utani gani, asubuhi watangazaji watatu wanabishana mambo ya mapenzi, mchana singeli na bongofleva, jioni Simba na Yanga, na katikati ya hayo matangazo ya kubeti. Nazipenda, sitaki kuwa mnafiki. Ila mwaka mzima sijawahi kusikia humo kitu ambacho hakikunilenga mimi. Kwa bibi ndani ya siku mbili nilikuwa nimesikia mambo ya mkulima, ya mzazi, ya mstaafu, ya mwanafunzi, yaani nimekaa kwenye kikao cha watu ambao kwa kawaida hatukutani kabisa.

Mfano kipindi cha kilimo. Mtaalamu alikuwa anaeleza kupogoa miti ya matunda, matawi gani yakatwe ili jua liingie katikati. Bibi ana michungwa, Muheza kila mtu ana michungwa, na yule mtaalamu kila akisema sentensi moja bibi anamjibu mbili. "Huyo hajapanda chungwa huyo." Halafu jioni namuona kasimama na fimbo yake chini ya mchungwa anaangalia juu, ananiambia leta panga, kata lile, hapana si hilo, lile la ndani. Sikusema kitu. Nilikata matawi manne, jasho linanitoka, nikajikuta mimi mwenyewe natafuta jua linapoingilia.

Bibi anasikiliza hivi tangu ikiitwa RTD. Kwa wasiojua, utangazaji ulianza 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, na mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungulia mlango redio za watu binafsi, kwa Tanzania bara redio ilikuwa hiyohiyo. Kwa hiyo ilibidi ibebe kila kitu. Ngoma za Mzee Morris, yule mpigaji asiyeona aliyekuwa anazimudu ngoma kibao peke yake, ndizo zilikuwa zinakuambia taarifa ya habari imefika, na bibi mpaka leo ukimtajia anakupigia ule mdundo kwa mwiko kwenye sufuria. Humohumo Debora Mwenda na Mama na Mwana kwa watoto, Pwagu na Pwaguzi kwa wanaotaka kucheka, Ugua Pole kwa waliolazwa, Malenga Wetu kwa wenye mashairi. Na humohumo Dar, vyama vya ukombozi vya kusini vikawa vinapewa nafasi kuongea na watu wao makwao, FRELIMO, ANC na wengine. Jengo moja!

Halafu kuna choo. Nyuma ya nyumba ya bibi kuna shimo lilishafukiwa, juu yake pameota mgomba, na kila mgeni lazima aonyeshwe. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, wiki 12, watu wanakaa kwenye vikundi wanasikiliza kipindi redioni, wana kijitabu, kikiisha wanajadili halafu wanakwenda kufanya. Watu milioni 2 hivi walishiriki nchi nzima. Bibi alikuwa ndio kwanza kaolewa. Anasema kikundi chao kilikuwa na redio moja ya mwenye duka, na babu ndiye aliyebisha kuliko wote kwamba choo cha nini wakati pori lipo, wakambishia mpaka akachoka, kesho yake akawa wa kwanza kushika jembe. Mgomba unazaa vizuri sana, sitasema zaidi.

Na Twende na Wakati je, ule mchezo wa redio wa uzazi wa mpango na Ukimwi ulioanza 1993. Ukimtajia bibi Mkwaju, yule dereva wa malori, anatema mate pembeni kama vile ni jirani aliyemkopa. "Alimtesa Tunu yule." Watu wa Dodoma mwanzoni hawakuwa wanaupata, kule walirushiwa vipindi vingine hadi 1995, watafiti walitaka kulinganisha sehemu iliyousikia na ambayo haikuusikia. Nilipomwambia bibi hilo alisikitika kweli, eti maskini Wagogo.

Sasa nakuja kwenye ugomvi wangu. Kuna watu kila siku wanasema redio ya taifa imezeeka, ibadilike, ichangamke, iwe kama efuemu. Jamani, za hivyo si zipo tele? Ukigeuza na hii ikawa hivyo, yule wa mchungwa atasikiliza wapi? Biashara haimtafuti bibi. Bibi hanunui bando, habeti, soda anakunywa Iddi kwa Iddi. Mtu pekee mwenye sababu ya kuongea naye ni redio ambayo haiishi kwa kutegemea anachonunua.

Wanaosema redio za serikali zinampendelea mwenye nyumba, hao siwabishii, wana hoja. Hotuba ya ufunguzi wa kitu inaweza kukaa hewani mpaka ugali ukapoa, na bibi mwenyewe ikifika hapo huwa anakwenda kuswali. Na mwaka 2016 waziri aliposema TBC haitarusha tena Bunge laivu kama zamani kwa sababu ya gharama, mimi nilikuwa mmoja wa waliolalamika, kwa kuwa kitu kama kile ndio hasa kazi yake. Hivyo dawa ni kuidai iwe ya wote kwelikweli. Kuidai iwe ya vijana wa mjini tu ni kuhamisha upendeleo, unautoa kwa mkubwa unamletea mwenye simu kubwa.

Jumamosi ilikuwa mpira, watoto wa jirani wakajaa barazani. Mtangazaji anasema mpira unakwenda upande wa kulia wa redio yako, na watoto wote wakageuza vichwa kushoto. Nikashangaa. Kumbe redio ya bibi siku zote imewekwa inatazama ukuta, mgongo kwetu, kwa sababu antena imefungwa waya unaotoka dirishani, na hawa watoto wamekulia hapo, wameshapiga hesabu yao zamani. Nilicheka mpaka bibi akaniuliza kama naumwa.

Kitu kimoja sikukutana nacho wiki ile ni tanzia ya mtu tunayemjua, nashukuru. Bibi ndiye alinisimulia ya kaka yake babu, alifia Mwanza, simu hamna, barua wiki mbili, wako kwenye mkeka wanakula bada wakasikia jina lake. Halafu "habari ziwafikie", halafu likatajwa jina la babu, kijiji na wilaya. Babu tonge likabaki mkononi. Anasema kijiji kizima walisikia sekunde ileile, hakuna aliyetumwa kuja kuwaambia, alipoinua kichwa majirani walikuwa wameshafika mlangoni.

Usiku wangu wa mwisho kulikuwa na mashairi, na mshairi mmoja akatega fumbo. Bibi alilishika palepale, mimi ilibidi anirudie: "Yuko mgeni wa kwetu, haji mlango u wazi." Jibu wiki ijayo. Bibi akasema ni mwizi wa mjini. Halafu akasema hapana, mwizi anapenda mlango wazi. Jirani, mama mmoja mwenye sauti, akapitisha jibu lake juu ya ua: mauti! Bibi akamjibu mauti hayaulizi mlango. Mimi nikaenda kulala. Kama saa nane usiku nasikia ananigongea ukuta kwa fimbo.

"Mume wangu."

"Naam bibi."

"Usingizi. Mlango ni macho."

Basi nimerudi Dar, dukani spika ya jirani inapiga ileile iliyokuwa inapiga nilipoondoka. Juzi nimempigia bibi, shikamoo, marahaba, mguu unaendeleaje, anasema mguu upo. Nikamwambia nataka kumnunulia redio mpya, ina flashi, ina taa, vitufe vyote vipo. Akanyamaza kidogo, akasema niwaletee wale watoto. Nikamwambia basi ntampigia tena Alhamisi usiku.

"Alhamisi usipige," akasema. "Wanatoa jibu."