Karatasi Inayokunywa Wino Imehukumiwa Haraka

Kila shule zikifunguliwa, ugomvi ni ule ule kwenye maduka ya vitabu River Road, Nairobi. Mzazi anafungua daftari, anaonyesha wino uliopenya hadi ukurasa wa nyuma, anadai karatasi ni feki. Muuzaji anasema kosa ni la kalamu. Majuzi nilijipata katikati ya ugomvi huo, nikaegemea upande wa muuzaji, ingawa mzazi naye hakuwa mwongo.

Mzazi ana hoja. Karatasi iliyosagwa upya kutoka kwa karatasi kuukuu huwa na nyuzi fupi, nyingine zimevunjika. Isiposukwa vizuri, ukiinua ukurasa dirishani unaona mawingu: hapa pazito, pale pepesi. Wino hautembei sawa humo, na mstari unaota ndevu. Tena daftari lisiloandikika nyuma ni nusu daftari kwa bei ya zima.

Ila nyuzi zinalaumiwa kwa tabia yao ya kuzaliwa. Selulosi, kitu kinachounda nyuzi hizo, hupenda maji. Nyuzi zikilaliana huacha vijia vyembamba kuliko unywele, na maji hujivuta humo bila kusukumwa na mtu. Kinachoyazuia ni dawa inayotiwa kiwandani. Zamani ilikuwa jelatini ya ngozi na mifupa. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig akaeleza jinsi ya kutia utomvu wa msonobari na shabu ndani ya rojo lenyewe la nyuzi, kabla halijawa karatasi. Bila dawa ya aina hiyo, hata nyuzi mpya na ndefu zitakunywa tu. Uzito wa gramu ambao wazazi huuulizia haukwambii lolote kuhusu hilo.

Kuna hesabu ya Mmarekani Edward Washburn, ya mwaka 1921, ambayo hainitoki kichwani: umbali ukiongezeka mara mbili, muda huongezeka mara nne. Kama maji yamepanda sentimita 1 kwa sekunde 10, sentimita 2 zitataka sekunde 40, na 3 zitataka 90. Yaani mbio zote ziko mwanzoni. Sasa tazama daftari la mtoto kwa karibu. Mistari ya herufi huwa na afadhali. Madoa makubwa yako kwenye vituo na pale herufi inapoanzia, ncha ya kalamu ilipotua ikatulia kidogo huku mtoto akiwaza. Karatasi ilitumia nafasi hiyo. Wino mzito wa mafuta ungekuwa bado unajivuta. Ule wa maji umeshafika nyuma.

Washburn alifikiria mirija iliyonyooka, na karatasi si mirija. Nyuzi huvimba zikilowa, na mashine huzilaza nyingi kuelekea upande mmoja. Kata mikanda miwili kutoka karatasi moja ya jikoni, mmoja wa urefu na mwingine wa upana, uichovye kwenye maji yenye rangi: kwa kawaida mmoja utatangulia. Nilifanya hivyo juu ya sinki, na wanangu wakasahau chai.

Anayedharau karatasi inayokunywa aende kliniki anapopimwa mtoto mchanga wa mama mwenye virusi vya ukimwi. Damu ya kisigino hudondoshwa kwenye duara za kadi, ikaachwa ikauke, kisha kadi ikapelekwa maabara. Kadi hiyo ni karatasi ya kuchujia, ya nyuzi za pamba, haikutiwa dawa ya kuzuia maji. Muuguzi huigeuza aone kama damu imetokea nyuma. Isipotokea, sampuli ina kasoro. Kile kile mzazi wa River Road anachokiita ubovu!

Kwa daftari, basi, lowesha kidole uguse pembe ya ukurasa kabla ya kulipa. Unyevu ukitokea nyuma papo hapo, dawa ni haba. Muuzaji atakukodolea macho. Chukua na kalamu ya wino mzito, atanyamaza.